SOMO LA AFYA: Je, Dripu ya Bei Ghali Ndiyo Bora?

Tukiwatembelea vijijini, kuna swali lisilokosa: "Mtoto alikuwa mahututi, mbona daktari hakumwekea maji mengi upesi?" Wengine huuliza kama wafanye harambee wanunue dripu ya bei ghali iitwayo albumini. Hebu tujifunze pamoja.

ALBUMINI NI NINI?

Ni protini inayotengenezwa na ini na kukaa ndani ya damu. Kazi yake kubwa ni kushikilia maji yasivuje kutoka mishipani. Albumini ya hospitali hutolewa katika damu ya watu waliojitolea, ndiyo maana bei yake ni kubwa kuliko ya dripu ya maji ya chumvi. Ina kazi yake, kwa mfano kwa mgonjwa wa ini anayetolewa maji mengi tumboni. Lakini je, humwokoa kila mgonjwa mahututi?

UTAFITI ULIONYESHA NINI?

Mwaka 2004 madaktari wa Australia na New Zealand walitoa majibu ya utafiti wa watu wazima karibu 7,000 waliokuwa mahututi. Nusu walipewa albumini, nusu maji ya chumvi. Baada ya siku 28, waliofariki walikuwa karibu 21 kwa kila 100, pande zote mbili. Ghali haikushinda rahisi.

Kisha swali likaja kwetu. Kuanzia 2009 hadi 2011, watoto 3,141 walitibiwa katika utafiti uliofanywa Kenya (huko Kilifi), Uganda na Tanzania. Walikuwa na homa kali, na damu yao haikuzunguka vizuri. Wote walipata matibabu ya kawaida. Kundi la kwanza waliongezewa albumini nyingi kwa haraka. La pili, maji ya chumvi mengi kwa haraka. La tatu hawakupewa maji ya haraka, ila ya pole pole tu.

Wengi walidhani kundi la tatu litaumia. Kumbe sivyo! Katika saa 48, walifariki watoto 7 hivi kwa kila 100 wa kundi hilo. Katika makundi yale mawili, walikuwa kati ya 10 na 11. Utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake.

TAHADHARI

Msitoke hapa mkisema ati maji ni mabaya. Watoto wa kuharisha hawakuwa katika utafiti huo. Anayeharisha na kutapika amepoteza maji, naye lazima arudishiwe: ORS na kunyonya akiwa nyumbani, na dripu hospitalini akizidiwa. Ni kama shambani. Mche uliokauka unahitaji maji, lakini mche mchanga ukiumwagia debe zima kwa mara moja, utaung'oa.

TUFANYE NINI?

1. Tuwahi hospitali. Mtoto mwenye homa akishindwa kunyonya, akipatwa na degedege, akilegea asiamke, au akipumua kwa shida, msingoje asubuhi. Kikundi kiwe na akiba ya nauli ya usiku.

2. Tusimlazimishe daktari au nesi kuweka maji. Tuulize kwa heshima: "Mnampa nini, na kwa sababu gani?"

3. Kabla ya harambee ya dawa ghali, tuulize kama kuna ya bei nafuu inayofanya kazi ile ile.

4. Tujitolee damu. Mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria huhitaji damu, na haitengenezwi kiwandani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mtoto wa kuharisha na mtoto wa homa kali hawatibiwi sawa?

2. Mtoto akizidiwa saa nane usiku hapa kijijini, nani ana gari au pikipiki, na nani atalipa?

3. Ni wangapi kati yetu wamewahi kutoa damu? Ni nini kinachowazuia wengine?

Andikeni mliyokubaliana katika kitabu cha kikundi, na mwezi ujao mkaguane.