Dondoo muhimu: Dodoma na watoto, mfuko ukiwa salama

Treni ya SGR ilipoanza mwaka 2024, nauli ya Dar es Salaam hadi Dodoma, daraja la kawaida, ilikuwa shilingi 31,000. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 alipangiwa nusu nauli, na wa chini ya hapo bure. Kwa hiyo beba vyeti vya kuzaliwa, hata kama mtoto wenu anaonekana bado mdogo. Kata tiketi mapema. Wiki ya Krismasi si ya kubahatisha.

Chapati na mayai ya kuchemsha yaandaliwe usiku wa kuamkia safari. Soda na biskuti za njiani hula hela kimyakimya. Karanga na zabibu? Nunua soko la Majengo, Dodoma, siku ya kurudi. Bajaji, patana bei kabla hamjapanda.