Simu ya Dukani Ikilia, Nani Aidake? Huduma ya Ndani Dhidi ya Huduma ya Kuongeza

Mteja aliye Ruiru anataka mifuko 20 ya simiti. Pesa iko tayari kwenye simu yake. Anapigia duka la hadiwea mjini Thika aulize bei na namba ya till. Simu ya kaunta inalia, lakini wa kaunta ametoka nje kupakia mbao. Wa stoo anaisikia ila hawezi kuifikia. Inakata, mteja anapigia duka linalofuata, na malipo yanaingia kwenye till ya mwingine.

Kwenye masomo yetu tunazungumza sana kuhusu kulipwa haraka. Leo turudi nyuma hatua moja, tuangalie simu inayotangulia malipo. Biashara nyingi zinazokua huuziwa huduma ya kudaka simu kwa malipo ya kila mwezi, na huenda tayari wanayo bila kujua. Je, ulipe au usilipe? Hebu tuone.

Kudaka simu ni nini?

Kwenye ofisi au duka kubwa, kila meza ina simu yenye namba fupi ya ndani, tuseme 101 na 102. Zote zimeunganishwa na mtambo mmoja ambao mafundi huuita PBX. Unaweza kuwa sanduku ukutani au programu inayofanya kazi kupitia intaneti. Simu ya 101 ikilia na mwenyewe hayupo, wewe wa 102 unabonyeza msimbo na mteja anakuja kwako. Huhitaji kukimbia hadi kaunta.

Kuna njia mbili:

- Kudaka kwa kikundi. Simu za watu wanaofanya kazi pamoja zinawekwa kundi moja, na msimbo mmoja unavuta yoyote inayolia ndani ya kundi hilo.
- Kudaka kwa kutaja. Unataja namba ya simu unayotaka kuvuta.

Usichanganye hii na kuelekeza simu. Ukielekeza, simu inasukumwa kwenda namba uliyochagua mapema, awepo mtu au asiwepo. Ukidaka, aliye na nafasi ndiye anaivuta.

Huduma iliyo ndani ya mtambo

Mitambo mingi ya biashara huja na kudaka simu bila malipo ya ziada. Mfano ni Asterisk, programu ya bure ambayo mitambo mingi imejengwa juu yake. Msimbo wake wa kikundi, kama haujabadilishwa, ni *8. Kwenye FreePBX, inayotumia Asterisk, unabonyeza ** kisha namba ya ndani, yaani **101. Kama mtambo wako ni mwingine, muulize fundi aliyeufunga: "Msimbo wa kudaka simu ni upi, na nani wako kwenye kundi?" Mara nyingi kinachokosekana ni kundi kupangwa na wafanyakazi kuonyeshwa.

Lakini ina kasoro moja: lazima usikie simu ikilia ndipo ujue kuna ya kudaka. Pia si kila simu itakuonyesha anayepiga ni nani kabla hujaivuta.

Huduma ya kuongeza

Hapa unanunua vitu juu ya mtambo. Kuna vitufe vyenye taa vinavyoonyesha simu ipi inalia na ipi inatumika. Kuna programu ya kompyuta inayoonyesha namba ya anayepiga, na programu ya simu ya mkono inayokufanya uwe "mezani" hata ukiwa njiani. Nyingine hutozwa mara moja, nyingine kwa kila mtumiaji kila mwezi.

Hiyo "kila mtumiaji" ndiyo ya kuangalia. Tufanye hesabu ya mfano tu: ukiambiwa Sh300 kwa mtu kwa mwezi na una watu 6, hiyo ni Sh1,800 kwa mwezi, au Sh21,600 kwa mwaka. Kama wanaodaka simu kweli ni wawili, ukilipia hao wawili pekee ni Sh7,200. Uliza kama inawezekana kabla ya kusaini.

Swali moja la kukuamulia

Je, anayetakiwa kudaka simu anaisikia ikilia?

Kama wote wako chumba kimoja pale Makongeni, huduma ya ndani inatosha. Pesa yako iongezee stoki. Lakini kama una duka Thika na tawi Ruiru, wa Ruiru hawezi kusikia simu ya kaunta ya Thika. Huyo anahitaji taa au skrini ya kumwambia, na hapo huduma ya kuongeza inastahili bei yake. Vilevile kama kelele za karakana zinameza mlio wa simu.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji: stima au intaneti ikipotea, simu za wateja zinaenda wapi? Na kama mtambo utarekodi mazungumzo, wateja wanapaswa kuambiwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu hata biashara ndogo.

Na kama una simu ya mkono tu?

Bado unaweza kusaidika. Mitandao ya GSM ina misimbo ya kuelekeza simu:

- **61*namba# : usiposhika
- **67*namba# : ukiwa kwenye simu nyingine
- **62*namba# : ikiwa imezimwa au haina mtandao
- *#61# : kukagua kama umeelekeza usiposhika
- ##002# : kufuta zote

Thibitisha kwanza na mtandao wako. Kumbuka pia kwamba kwa kawaida gharama ya kipande kilichoelekezwa hulipwa na wewe, si mteja.

Sasa tuje kwenye pesa

Hapa ndipo watu huumia, kwa hivyo soma polepole.

1. Simu inahama, SMS haihami. Ukielekeza au ukidaka simu, ujumbe wa malipo bado unaingia kwenye laini ileile iliyosajiliwa. Wa Ruiru anaweza kuongea na mteja, akaambiwa "nimetuma", na asione chochote. Mpe njia yake ya kuthibitisha, kama akaunti yake mwenyewe kwenye programu ya biashara. Asitoe mzigo kwa sababu ya SMS iliyosambazwa au picha ya skrini.

2. PIN haiendi na simu. Kumpa mtu ruhusa ya kudaka simu si kumpa PIN. Laini ya kupokea maswali na laini yenye pesa zikiwa tofauti, utalala vizuri.

3. Usibonyeze msimbo unaoletewa na mgeni. Matapeli hujifanya wahudumu na kukuomba ubonyeze **21* pamoja na namba yao. Huo huelekeza simu zako zote kwao. WhatsApp inaweza kutuma namba ya uthibitisho kwa kupiga simu, kwa hivyo simu hiyo ikienda kwao wanaweza kuchukua akaunti yako na kuomba wateja wako pesa. Kagua leo kwa *#21#. Ukiona namba usiyoijua, futa mara moja kwa ##002# na uwapigie wahudumu wa mtandao wako.

Kazi ya wiki hii

Chagua saa yenye wateja wengi, kisha piga namba ya biashara yako ukitumia laini nyingine, bila kuwaambia wafanyakazi. Fanya hivyo mara 5 kwa siku tofauti. Andika ni mara ngapi imeshikwa, na nani. Kama mara nyingi aliye karibu aliisikia akaiacha, mfundishe msimbo wa ndani, ni bure. Kama hakuna aliyekuwa karibu, sasa unaweza kuanza kuuliza bei za huduma ya kuongeza.