JINA LA TREKTA SI JINA LA INJINI

Wakulima wengi hudhani kwamba kiwanda ambacho jina lake limeandikwa juu ya boneti ya trekta ndicho kilichotengeneza kila kitu ndani yake. Sivyo. Mara nyingi kiwanda kimoja huunda trekta na kingine huunda injini. Mkulima wa Katelembo asiyejua jambo hili aweza kununua spea zisizoingia, na mvua za Oktoba zikamkuta trekta yake imesimama.

Kwa nini viwanda hushirikiana?

Mitambo ya kutengenezea injini ni ya gharama kubwa sana. Kiwanda kikiwauzia wengine injini zake, gharama hiyo hugawanywa kwa injini nyingi, na bei ya kila moja hupungua.

Tazama trekta ya Ferguson TE20, iliyoanza kuundwa Coventry, Uingereza, mwaka 1946. Za kwanza zilitiwa injini za Continental kutoka Marekani. Baadaye kampuni ya Standard, iliyokuwa ikiziunda trekta hizo, ikatia injini yake yenyewe. Injini ya jamii hiyo hiyo ikatiwa pia katika motakaa yake iitwayo Vanguard.

Massey Ferguson 35 yatufundisha zaidi. Zile za dizeli za kwanza zilikuwa na injini ya Standard yenye silinda 4. Kuanzia mwisho wa mwaka 1959 zilitiwa injini ya Perkins yenye silinda 3. Jina ni lile lile, na rangi ni nyekundu ile ile, lakini pistoni za moja haziingii katika nyingine.

Kabla ya kununua spea

1. Hesabu mabomba membamba yatokayo kwenye pampu ya dizeli kwenda kwenye nozeli. Mabomba 3 ni silinda 3. Mabomba 4 ni silinda 4.

2. Pangusa bloki ya injini, utafute namba iliyogongwa juu ya chuma. Iandike yote, herufi na tarakimu, bila kuruka hata moja.

3. Peleka dukani namba hiyo pamoja na spea iliyoharibika, ulinganishe kabla ya kulipa.

4. Ikiwa trekta ni ya chama, namba ya injini iandikwe katika daftari la chama, ili kila fundi aione.

Kwa mfano, injini ya Perkins 3.152 ina silinda 3, na ukubwa wake ni inchi 152 za ujazo, yaani karibu lita 2.5.

Fanya kazi hii wakati wa kiangazi. Trekta ikiharibika wakati majirani wanapanda, hakuna nafasi ya kurudisha spea Nairobi.

Maswali

Injini ya trekta yako ilitengenezwa na nani? Ina silinda ngapi? Namba yake imeandikwa wapi?