Chuma, Homa na Watoto wa Pemba

Mtoto mwenye safura, aliyepauka viganja na kuchoka upesi, mara nyingi huhitaji chuma. Hilo halina ubishi. Lakini je, yafaa kumpa chuma wakati wowote? Swali hili lilipata jibu kisiwani Pemba, na jibu lenyewe liliwashtua waganga wa nchi nyingi.

Yapasa kwanza tufahamu namna mwili ujilindavyo. Vijidudu vya maradhi viingiapo, chembe nyeupe za damu hazipigani kila moja peke yake. Hutoa protini ndogo ndogo ziitwazo sitokini, nazo ni mfano wa wajumbe: moja huamsha chembe nyingine, moja hupandisha homa, na nyingine, kama vile intaleukini-10, hutuliza vita visije vikaudhuru mwili wenyewe. Mjumbe tunayemhitaji hapa ni intaleukini-6. Huyu hufika kwenye ini na kuliamrisha litoe homoni iitwayo hepsidini, ambayo hufunga milango ya chuma utumboni na katika chembe zinazokihifadhi. Hivyo chuma hupungua katika damu. Sababu ni kwamba vijidudu vingi navyo haviwezi kuzaliana pasipo chuma. Ni kama mtu afichaye chakula ili adui asikipate, ingawa wanawe nao watashinda na njaa.

Sasa twende Pemba, ambako malaria ilikuwa imeenea sana. Maelfu ya watoto wenye umri wa mwezi 1 hadi 35 walipewa kila siku chuma na asidi ya foliki, na wenzao wakapewa dawa tupu isiyo na chuma. Mnamo Agosti 2003 utoaji wa chuma ulisimamishwa kabla ya muda wake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: katika watoto 24,076, waliopewa chuma walizidi wenzao kwa asilimia 12 katika kufariki au kulazwa hospitali kwa maradhi makali.

Je, basi chuma ni sumu? La, hasha! Katika kundi dogo la watoto hao hao, waliopimwa damu na kutibiwa malaria barabara, wale waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika nacho. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani sasa huagiza kwamba penye malaria nyingi, watoto wasigawiwe chuma bila kuwapo pia kinga, upimaji na tiba ya malaria.