MAWIMBI YA ARDHI NA MTETEMEKO WA SUBUKIA

Wengi wetu tuliwasikia wazee wakisema ya kwamba ardhi hutetemeka pale ng'ombe aibebaye juu ya pembe yake anapochoka, akaihamishia pembe ya pili. Maneno haya hayana asili katika Kur'ani wala katika Hadithi iliyo sahihi. Na sisi tukaao Nakuru tuna haja ya kuijua khabari ya kweli, kwani nyumba zetu zimesimama ndani ya Bonde la Ufa.

Kwanza ifahamike wimbi ni kitu gani. Ukitupa jiwe katika Ziwa Naivasha utaona miviringo ikienda hata ufukweni. Lakini jani lililo juu ya maji hupanda na kushuka pale pale lilipo. Basi kiendacho si maji, bali ni nguvu ambayo maji hupokezana. Sauti nayo ni hivyo hivyo katika hewa, na mwendo wake ni kadiri ya meta 340 kwa sekunde. Ukiuona umeme juu ya Menengai, kisha ukahesabu sekunde 3 kabla ya kusikia radi, jua ya kuwa umepiga kiasi cha kilometa moja kutoka ulipo.

Ardhi ni mfano huo. Usiku wa tarehe 6 Januari 1928 mwamba ulikatika upande wa Subukia. Ufa ulionekana juu ya ardhi kwa urefu wa kilometa 38 hivi, na mahali pengine upande mmoja ulishuka zaidi ya meta 2. Mkatiko kama huo hutoa mawimbi ya namna mbili. La kwanza husukuma na kuvuta, kama sauti. Mwendo wake ni kama kilometa 6 kwa sekunde. La pili hutikisa ubavuni, kama kamba iliyotikiswa, nalo huenda kilometa 3 na nusu hivi. Mwenye kuhesabu sekunde zilizo baina ya mshindo wa kwanza na wa pili, akazizidisha kwa 8, atakaribia kuujua umbali wa chanzo kwa kilometa.

Hilo la pili ndilo la kuogopwa zaidi. Ukuta huweza kuubeba mzigo utokao juu. Lakini ukuta wa mawe usio na nondo wala mkanda wa saruji wa kuzifunga pembe zake, ukisukumwa ubavuni huachana. Nasi tumeona fedha zikimwagwa katika rangi na vigae, na nondo ndizo zikipunguzwa!

Mawimbi haya yana manufaa pia. Mwaka 1990 wataalamu walilipua baruti ndani ya maziwa, Naivasha na Baringo yakiwamo, wakayapokea mawimbi kwa vyombo vilivyopangwa bondeni. Kwa muda yaliotumia njiani walikadiria ganda la dunia kuwa na unene wa kilometa 35 hivi chini ya Naivasha, na 20 tu chini ya Ziwa Turkana. Tena wimbi la pili halipiti katika kitu cha majimaji. Likidhoofika njiani, hudhaniwa ya kuwa chini mna mwamba wenye moto mkali au ulioyeyuka. Ndiyo sababu huko Olkaria, ambako umeme wa mvuke ulianza kutolewa mwaka 1981, hata mitetemeko midogo isiyohisiwa na mtu imesikilizwa kwa vyombo, ili ijulikane moto uko wapi.