USOMAJI WA PICHA: MTU NDANI YA MANDHARI

Katika swali la picha, watahiniwa wengi huorodhesha milima, miti na nyumba, kisha humwacha mtu aliyesimama pembeni kana kwamba hana kazi. Usimwache. Mara nyingi yeye ndiye kipimo pekee ulichopewa. Jiwe pichani laweza kuwa kubwa kama nyumba au dogo kama ngumi, lakini urefu wa mtu mzima unaufahamu: kwa kawaida ni kati ya mita 1.5 na 1.8.

A. Mtu pichani anaonesha nini?

1. Ukubwa. Vitu vilivyo karibu naye hupimwa kwa kulinganishwa na urefu wake.

2. Umbali. Mtu anayeonekana mkubwa yuko sehemu ya mbele ya picha. Akionekana mdogo, yuko sehemu ya kati au ya nyuma.

3. Shughuli. Tazama zana, mavazi na mifugo. Watu wanaokusanya chumvi kandokando ya Ziwa Balangida, wilayani Hanang, ni ushahidi wa shughuli ya kiuchumi ambayo maji peke yake yasingekuonesha. Hata hivyo, usivuke ushahidi. Mtu aliyesimama katikati ya shamba la ngano huko Basotu anaweza kuwa mkulima, kibarua au mpita njia. Picha haioneshi hati ya shamba.

B. Kukadiria urefu

Kanuni: Urefu halisi wa kitu = (urefu wa kitu pichani ÷ urefu wa mtu pichani) × urefu halisi wa mtu.

Mfano: Picha imepigwa kutoka ardhini, wilayani Mbulu. Mtu amesimama akiegemea ukuta wa korongo lililochimbwa na mmomonyoko wa udongo. Pichani mtu ana sm 2 na ukuta una sm 5. Tuchukulie mtu ana mita 1.6.

Urefu wa ukuta = (5 ÷ 2) × 1.6 = mita 4.

C. Kosa linalopoteza alama

Katika picha hiyohiyo, Mlima Hanang unaonekana nyuma kabisa ukiwa na sm 4. Ukitumia kanuni ileile utapata mita 3.2, yaani mlima mfupi kuliko nyumba! Kilele cha Hanang kiko takriban mita 3,420 juu ya usawa wa bahari. Kanuni haina kosa; kosa ni kuitumia kwa kitu kisicho kwenye umbali uleule na mtu kutoka kwenye kamera.

Kwa mlima, kosa hili linajionesha lenyewe. Kwa mti halionekani upesi. Mti wenye sm 3 utakupa mita 2.4, jibu linaloaminika. Kama mti huo uko mbali na kamera mara mbili ya mtu, urefu wake halisi ni mita 4.8. Kwa hiyo, kabla ya kukokotoa, jiulize: nyayo za mtu na shina la mti viko sehemu moja ya picha?

D. Mfano halisi: tope la Hanang

Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang yenye miamba dhaifu ilimeguka. Tope, mawe na magogo viliporomoka hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, kikiwemo Gendabi. Watu zaidi ya 80 walifariki.

Picha ya tope tupu, bila mtu wala nyumba, ingeweza kudhaniwa kuwa barabara mbovu baada ya mvua. Mtu akisimama ndani yake, ukubwa wa maafa unapimika. Lakini angalia nyayo zake ziko wapi:

• Amezama hadi magotini: andika kuwa kina si chini ya magoti yake. Huenda chini ya nyayo zake kuna tope jingine lililokwisha kushikamana.

• Amesimama juu ya tope lililokauka: yeye peke yake haoneshi kina. Tafuta kitu kilichofukiwa ambacho urefu wake unajulikana, kama vile mlango.

E. Zoezi

Mtu mwenye urefu wa mita 1.6 amesimama juu ya tope lililokauka, kando ya mlango wa nyumba. Pichani ana sm 2. Sehemu ya mlango inayoonekana juu ya tope ina sm 1. Mlango mzima una mita 2 na ulianzia usawa wa ardhi.
(a) Kadiria kina cha tope.
(b) Kwa nini mtu huyu anafaa kuwa kipimo cha mlango?
(c) Mtahiniwa ameandika: "Huyu ndiye mwenye nyumba." Toa maoni.

Majibu
(a) Sehemu inayoonekana = (1 ÷ 2) × 1.6 = mita 0.8. Kina = 2 − 0.8 = mita 1.2.
(b) Yeye na mlango wako umbali mmoja kutoka kwenye kamera.
(c) Picha haithibitishi hilo. Anaweza kuwa jirani, ndugu au mwokoaji. Andika: "Mtu amesimama kando ya nyumba iliyofukiwa na tope."