Kilomita Hazili Chesesi

Anayenunua pikapu iliyotumika, awe Kibiti, Ikwiriri au Dar es Salaam, huanza na swali moja: imetembea kilomita ngapi? Muuzaji jibu analo mdomoni: "Laki na ishirini tu, bosi, si unaona mwenyewe?" Tuache kando habari za kilomita kurudishwa nyuma, ingawa hurudishwa. Tuchukulie kwamba namba iliyo kwenye dashibodi ni ya kweli. Inatuambia nini hasa?

Inatuambia vitu vimezunguka mara ngapi, basi. Tairi la Hilux lina mzingo wa mita mbili na kidogo, kwa hiyo kilomita 300,000 ni mizunguko ya gurudumu inayokaribia milioni 140. Injini imezunguka zaidi. Chukua pikapu inayokwenda kilomita 80 kwa saa huku injini ikipiga mizunguko 2,500 kwa dakika. Kila kilomita inachukua sekunde 45 na mizunguko 1,875. Zidisha kwa 300,000 na utavuka milioni 560. Ukitazama hesabu hiyo unajiuliza ni chuma gani kinachohimili msuguano wa namna hiyo. Jibu ni kwamba injini yenye oili safi vyuma vyake karibu havigusani. Kranki inapozunguka huivuta oili iingie kati yake na bearingi, na utando huo mwembamba ndio unaobeba mzigo. Vyuma huliwa zaidi wakati wa kuwasha, kabla oili haijapanda, na pale oili inapojaa vumbi na masizi. Ndiyo maana pikapu iliyokuwa ikipiga safari ndefu za Mtwara kwa miaka kumi inaweza kuwa na injini nzima kuliko ile inayowashwa na kuzimwa sokoni kutwa.

Injini ya dizeli ina dalili moja ambayo ni vigumu kuificha. Haina plagi za cheche. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inabaki sehemu moja ya ishirini hivi ya ujazo wake, joto linapanda kupita nyuzi 500, na dizeli ikinyunyiziwa humo inawaka yenyewe. Ringi za pistoni zikilika, hewa inapenya pembeni, joto halifiki, injini inasumbua kuwaka asubuhi. Kwa hiyo fika mapema, na shika boneti kabla muuzaji hajawasha injini. Ikiwa ina moto tayari, muulize kwa nini. Ikishawaka, fungua kifuniko cha kujazia oili: moshi ukitoka kwa nguvu na kwa mapigo, hewa inapita kwenye ringi.

Lakini hata ukikuta hivyo, bado una la kufanya. Ringi, bearingi, gesketi, nozeli, hata injini nzima iliyotumika, vyote hufunguliwa na kufungwa. Chesesi haifunguliwi. Chesesi ndiyo gari. Na katika nchi ya delta ya Rufiji adui wa chesesi ni chumvi, ambayo haina mita kwenye dashibodi.

Watu husema kutu ni chuma kinachooza. Kwa kweli kutu ni kazi ya umeme. Atomi ya chuma ikiwa ndani ya maji huachia elektroni mbili na kuyeyuka ikiwa ioni. Elektroni zile hazipiti majini. Husafiri ndani ya chuma chenyewe hadi mahali penye oksijeni, na hapo oksijeni na maji huzipokea. Ili mzunguko ukamilike, ni lazima ioni nazo zisafiri ndani ya maji kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo panahitajika chuma, oksijeni na maji yanayopitisha chaji. Ondoa kimoja, kazi inasimama.

Maji ya mvua hupitisha chaji kwa shida. Maji ya bahari, yenye chumvi gramu 35 hivi kwa lita, huipitisha bila kinyongo. Tena kloridi iliyomo kwenye chumvi huvunja utando wa oksaidi ambao ungekikinga chuma. Ila jambo ambalo mafundi wengi hawalitilii maanani ni hili: chumvi haitumiki ikaisha. Chuma kinaliwa, oksijeni inaliwa, kloridi inabaki palepale chini ya magamba ya kutu, tayari kwa kazi ya kesho. Ukipaka rangi juu yake umeifungia ndani.

Tena haihitaji mvua. Chumvi ya kawaida ya mezani hunyonya maji kutoka hewani unyevu unapofikia asilimia 75 hivi, na usiku wa Pwani hufika hapo mara nyingi. Chumvi ya bahari ina magnesi kloridi pia, nayo huanza kulowa unyevu ukiwa theluthi tu. Mwenye jiko Pwani anajua kibakuli cha chumvi kinavyofanya masika. Pikapu iliyobeba samaki jana, hata ikilazwa chini ya mwembe bila tone la mvua, chesesi yake inalala imelowa.

Sasa tope. Mtu angedhani tope lililoganda juu ya chuma linakikinga, kwa sababu linazuia hewa. Linafanya kinyume. Sehemu iliyo wazi, yenye oksijeni nyingi, ndiyo inayopokea elektroni; sehemu iliyofunikwa, isiyo na oksijeni, ndiyo inayozitoa, na inayozitoa ndiyo inayoliwa. Ulick Evans wa Cambridge alilionyesha hilo miaka ya 1920 kwa tone la maji ya chumvi juu ya chuma, na unaweza kulifanya leo nyumbani. Sugua kipande cha chuma kwa msasa mpaka king'ae, weka juu yake tone moja la maji ya chumvi, subiri saa kadhaa, kisha futa. Kutu imejipanga kama duara karibu na ukingo wa tone, lakini chuma kilicholiwa ni cha katikati, ambako hewa haikufika. Kumbe kutu unayoiona na tundu unalolitafuta si lazima viwe mahali pamoja.

Tuirudie pikapu. Barabara za magari hazifiki mbali ndani ya delta. Huko ndani watu na mizigo huenda kwa vyombo vya majini. Pikapu hungoja Nyamisati, mahali pa boti za Mafia, na hupakia samaki na kamba. Masanduku ya barafu huvuja. Maji yale, nusu barafu nusu bahari, hupita kwenye maungio ya bodi na kudondokea chesesi juu ya ekseli ya nyuma, ambako tope la barabarani limekwisha kujishindilia. Chumvi, unyevu, tope lisilo na hewa, na chuma wazi jirani yake. Huwezi kupanga jaribio la maabara likawa kamili zaidi.

Wajenzi wa meli wanajua kwamba chuma kinachorushiwa maji ya bahari huku kikipata hewa huliwa haraka kuliko kile kilichozama moja kwa moja. Delta yenyewe ina ushahidi wa chuma kikubwa. Manowari ya Wajerumani Königsberg, iliyojificha humu tangu 1914, ilizamishwa na wenyewe Julai 11, 1915 baada ya kupigwa na Waingereza, na mabaki yake yalichakaa mtoni kwa miongo hadi yakamezwa na tope.  

Kwa hiyo mbele ya muuzaji lala chini. Beba nyundo ndogo na bisibisi kuukuu. Gonga chesesi kuanzia chini ya kebini kwenda nyuma, hasa pale springi zinapofungwa, juu ya ekseli, na kandokando ya tangi la mafuta. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti nzito iliyokufa. Palipovimba pachomwe kwa bisibisi, kwani kutu huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma ilichokila, na ikiwa kati ya bati mbili huzitenganisha kwa nguvu. Rangi nyeusi mbichi chini ya gari la miaka ishirini na tano ni sababu ya kugonga zaidi. Fungua pia nati ya oili ya difu: oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ekseli yenye moto ikizama majini, hewa ya ndani hupoa na kusinyaa, nayo huvuta maji kupitia sili. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024, jaribio hilo la dakika tano katika wilaya za Rufiji na Kibiti nisingeliacha.

Mimi nikipewa pikapu ya kilomita 380,000 iliyozeekea Dodoma, na nyingine ya 120,000 iliyobeba kamba Nyamisati, nitachukua ya Dodoma na kutafuta fundi wa injini.

Ukiwa umeshanunua ya pwani na chesesi imesalimika, anza na maji kabla ya rangi. Maji ya kisima yasiyo na chumvi, mengi, ndani ya chesesi kupitia matundu yake, ambayo kwanza utayazibua kwa waya. Kwangua magamba, osha tena, acha jua la mchana likaushe, ndipo upake rangi ya kuzuia kutu, na ndani umwage oili nzito ifike pembe ambazo brashi haifiki. Palipotoboka, puti haina kazi. Inaficha tundu na kutunza unyevu. Kata mpaka ufike chuma kizima, kisha weka kiraka kirefu chenye ncha za mshazari. Ukichomelea mstari wima kukatiza chesesi, umeweka udhaifu wote mahali pamoja. Na toa waya za betri kabla fundi hajawasha mashine.

Wapo watakaokushauri ufunge kipande cha zinki, kama kwenye boti. Zinki huachia elektroni kwa wepesi kuliko chuma, kwa hiyo huliwa yenyewe na chuma kikapona. Humphry Davy alilitumia wazo hilo kukinga shaba ya meli za Uingereza mwaka 1824. Lakini boti imezama, na bahari yote ni njia ya ioni kati ya zinki na chuma. Chini ya pikapu maji ni matone yaliyoachana, na kipande kilichofungwa mbele hakiwezi kulikinga tone lililo nyuma. Zinki itakusaidia ikiwa imetandazwa chuma chote, kwenye rangi yenye unga wake mwingi, iliyopakwa juu ya chuma kilichosuguliwa hadi kikang'aa.